Abu Bakr al-Razi na Maradhi ya Laqwa

 

Mtu wa mji wetu huu wa Nairobi huamka alfajiri akenda kutia udhu, na anaposukutua huona maji yanamtiririka upande mmoja wa kinywa. Akitazama kioo huona mdomo umevutwa, jicho moja halifumbi, na akijaribu kucheka ni nusu ya uso tu ndiyo ichekayo. Hana homa, mikono yake ina nguvu, na akili yake ni timamu. Maradhi haya Waarabu huyaita laqwa, na sisi twasema fulani amepooza uso, au mdomo wake umekwenda upande. Mwenyewe hushituka, na jamaa zake hushituka zaidi kuliko yeye. Kisha huanza maneno. Mmoja husema ni upepo wa dirisha la matatu katika barabara ya Ngong. Wa pili husema kapigwa kofi na jini. Wa tatu anamjua mganga, ambaye tangazo lake limebandikwa katika milingoti ya taa tangu River Road hata Kawangware na Kangemi.

Katika darsa yetu, ikaayo katikati ya mji baada ya sala ya Alasiri, yumo mzee mmoja wa Kawangware aliyepatwa na jambo hili. Majuma mawili na zaidi alifukizwa, akanyweshwa kombe, akavishwa hirizi mbili, na kila siku akiambiwa kuwa jini lake ni kaidi. Katika siku zote hizo hakuna aliyekumbuka kulifunika lile jicho lisilofumba, na vumbi la Dagoretti halina huruma. Alipofika kwa daktari aliambiwa kuwa mdomo huenda ukarudi, walakin jicho limekwisha kupata kidonda, na dawa ambayo ingemfaa zaidi ilitakiwa ianzwe katika siku tatu za mwanzo. Aliporejea darsani alituuliza swali moja: je, Waislamu wa zamani hawakuwa na lolote la kusema juu ya maradhi haya ila kombe?

Walikuwa nalo, na tena jingi. Kwa sababu ya swali hilo twaandika hapa maisha ya Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Yafaa tutangulie kusema kuwa huyu siye Imam Fakhruddin al-Razi, mwenye tafsiri kubwa ya Qur'ani, aliyefariki mwaka 606 H. (1210 M.). Wote wawili wametajwa kwa mji mmoja, mji wa Rayy, ambao magofu yake yako kusini ya Tehran ya leo, na baina yao ni karibu miaka mia tatu. Tumewasikia watu wazima wakiwachanganya.

Al-Biruni, ambaye aliandika kitabu kizima cha kuorodhesha maandishi yake akafikisha 184, asema kuwa al-Razi alizaliwa siku ya kwanza ya mwezi wa Shaaban mwaka 251 H. (865 M.). Khabari za ujana wake ni chache na nyingine ni za kutiliwa shaka. Yasemwa alikuwa akipiga udi na kuimba, kisha akauacha. Yasemwa pia alishughulika na kimia, yaani ilimu ile ya kutaka kugeuza madini kuwa dhahabu, na kuwa moshi wa matanuri ndio ulioyadhuru macho yake. Vitabu vyake vya kimia vipo na vyasomwa hata leo na wanaochunguza asili ya kemia. La yakini ni kuwa katika udaktari aliingia akiwa mtu mzima, si kijana. Twalitaja hili kwa ajili ya wale wanafunzi wetu wa miaka thalathini ambao hukata tamaa wakidhani wakati wao umekwisha kupita.

Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, na baadaye akaitwa Baghdad akawa mkuu wa hospitali huko. Hospitali za zama zile ziliitwa bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa wagonjwa. Kuna kisa mashuhuri sana, nacho husomeshwa watoto, ya kuwa Sultani Adud al-Dawla alipotaka kujenga hospitali Baghdad alimwomba al-Razi ushauri wa mahali, naye akatundika vipande vya nyama katika mitaa mbalimbali, akachagua mtaa ule ambao nyama yake ilichelewa kuoza. Kisa ni kizuri, lakini hakiwezi kuwa kweli kwa namna hiyo. Hospitali ya Adud al-Dawla ilifunguliwa mwaka 372 H. (982 M.), na al-Razi alikuwa ameshakufa zaidi ya nusu karne. Ibn Abi Usaibia, mwandishi wa tabaka za matabibu, aliliona kosa hilo tangu karne ya saba ya Hijra. Yawezekana kuwa nyama ilitundikwa kwa ajili ya hospitali nyingine iliyotangulia. Nasi hatuna haja ya kumpamba mtu huyu kwa yasiyothibiti, maana yaliyothibiti yatosha.

Ibn al-Nadim, aliyeandika *al-Fihrist* katika karne ile ile aliyofia al-Razi, ametuachia sura ya majlisi yake. Alikuwa shekhe mwenye kichwa kikubwa, akikaa mbele, na chini yake wamekaa wanafunzi wake, na chini ya hao wanafunzi wao, na nyuma yao wengine tena. Mgonjwa akija alieleza shida yake kwa wale wa mwisho aliowakuta mwanzo. Wakiwa na ilimu ya maradhi yake humtibu. Wakishindwa humpeleka kwa safu ya pili. Na hao nao wakishindwa ndipo al-Razi mwenyewe aseme. Alikuwa karimu, mpole kwa watu, mwenye huruma kwa mafakiri, akiwatibu na kuwapa posho za kujikimu. Na kila aliyeingia kwake alimkuta anaandika, ama nakala safi ama rasimu.

Msomaji aliyewahi kukaa katika viti virefu vya hospitali ya Kenyatta, akapokewa na muuguzi, kisha na mwanafunzi wa udaktari, kisha na daktari kijana, na mwishowe na bingwa, ataiona safu hiyo kuwa si ngeni. Hospitali hiyo yetu ilianza mwaka 1901 kwa jina la hospitali ya wenyeji, na mafunzo ya udaktari ya Chuo Kikuu yakaanza mwaka 1967. Mpango wa mwanafunzi kumtazama mgonjwa kwanza na mwalimu wake kuja nyuma yake kumsahihisha haukubuniwa Nairobi wala London.

Sasa tuje kwenye laqwa. Kitabu kikubwa cha al-Razi ni *al-Hawi*, nacho kwa hakika si kitabu alichokitunga kwa ajili ya watu bali ni madaftari yake ya maisha mazima. Katika kila maradhi alinakili kwanza waliyosema waliomtangulia: Buqrat, Jalinus, Wagiriki wengine, Wasuria, Wahindi. Kisha akaweka neno moja fupi la Kiarabu lenye maana ya “langu”, na baada ya neno hilo akaandika aliyoyaona yeye. Kwa hiyo msomaji ajua daima ni wapi wakale wanasema na wapi asema mtu aliyekaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Laiti waandishi wetu wa leo wangelichukua japo neno hilo moja.

Wagiriki walijua kuwa uso huweza kupinda, lakini khabari zao juu yake zilichanganyika. Al-Razi alizitenga. Alisema kwanza kuwa uso huvutwa kwa sababu mbili zisizofanana: ama misuli ya upande mmoja imekaza kwa mshituko, ama misuli ya upande mwingine imelegea na kupooza, na upande mzima ukauvuta ule usio na nguvu. Kwa macho ya mtu asiyejua, hali hizi mbili ni moja. Na mtu akikosea atautibu upande mzima na kuuacha mgonjwa. Al-Razi akaeleza alama za kupooza: kope la jicho halifungi, na ngozi ya paji la uso haikunjiki upande ule. Jambo hili la makunyanzi ya paji kupotea, wachunguzi wa tarikhi ya udaktari walioandika mwaka 2011 wamesema kuwa maelezo yake ndiyo ya kwanza yajulikanayo. Na tena yeye ndiye wa kwanza ajulikanaye kueleza kupooza kwa pande zote mbili za uso kwa mara moja, hali ambayo ni nadra, na ambayo humpoteza daktari kwa kuwa hakuna upande wa kulinganisha nao.

Akaongeza jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo mawili. Aliwatenga wale ambao maradhi yao yako katika mshipa wa uso tu na wale ambao shina la maradhi yao ni katika ubongo. Ikiwa pamoja na uso mgonjwa ameharibika fahamu, au nusu ya mwili imelegea, au amepoteza hisi, au kuona, au kusikia, basi hilo si jambo la uso peke yake, na mwisho wake ni wa kuogopwa. Madaktari wa leo wafuata njia hiyo hiyo, nao wameongeza sababu yake: paji la uso hupata amri kutoka pande mbili za ubongo, kwa hiyo mtu aliyepatwa na kiharusi katika ubongo mara nyingi aweza bado kukunja paji ingawa mdomo umekwenda upande, lakini mshipa wenyewe wa uso ukiumia, paji nalo hulala. Kila nyumba yafaa ilijue hili. Mtu akipinda mdomo, mwambie ainue nyusi zake, ainue mikono yake miwili, aseme maneno mawili matatu. Mkono mmoja ukishuka, au ulimi ukiwa mzito, au paji likikunjika vizuri na mdomo umepinda, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wala asingojwe mtu wala sala ya jamaa. Na hata akiwa hana dalili hizo, apelekwe pia, kwa ajili ya tutakayoyataja mbele.

Huko Ulaya maradhi haya yamepewa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti, ambaye mwaka 1821 aliwaeleza wataalamu wa London jinsi mshipa wa uso unavyokwenda na kazi yake. Bell astahiki sifa hiyo, kwa kuwa alipasua na kuonyesha mshipa wenyewe, jambo ambalo al-Razi hakulifanya. Hatupendi ile tabia ya baadhi ya ndugu zetu ya kudai kuwa kila kitu kiligunduliwa na Waislamu na Wazungu wakaiba. Al-Razi aliona alama. Bell aliona njia ya mshipa. Baina yao ni miaka mia tisa.

Katika dawa, al-Razi alikuwa mtu wa zama zake. Matabibu wa wakati ule waliitibu laqwa kwa mafuta, kusugua, kusukutua na dawa za kupiga chafya, kwa sababu waliamini kuwa unyevu umeushukia mshipa. Dawa hizo hatuziiti watu kuzirudia. Cha kuangaliwa kwake ni namna alivyotaka kuijua dawa ifaayo na isiyofaa.

Katika *al-Hawi* ametaja sirsam, nayo ni maradhi ya utando wa ubongo. Alieleza dalili zitanguliazo: uzito na maumivu ya kichwa na shingo kwa siku kadhaa, kuuchukia mwanga, machozi, kukosa usingizi. Matabibu walishindana juu ya mgonjwa wa namna hii: je, atolewe damu au aachwe? Al-Razi asema kuwa aliwachukua wagonjwa wa dalili hizo, kundi moja akalitoa damu, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi, ili aiondoe shaka. Wale walioachwa wakapata sirsam. Leo twajua kuwa kutoa damu si dawa ya maradhi hayo, na huenda makundi yale hayakuwa sawa tangu mwanzo. Jibu lake halikusimama. Lakini swali lake, na namna ya kuliuliza kwa makundi mawili, limesimama hata leo.

Darsani kwetu swali hili lilizua mjadala wa siku mbili. Wako waliosema kuwa si halali kwa tabibu kuliacha kundi la wagonjwa kwa makusudi, na kuwa damu yao iko juu yake. Wengine wakasema kuwa ikiwa haijulikani dawa ipi yafaa, basi anayewapa watu wote dawa asiyoijua naye pia anacheza na roho zao, isipokuwa hajijui. Siku hizi mgonjwa huelezwa na kuombwa ridhaa yake kabla, na baraza la watu hutazama kwanza kama jambo lenyewe laruhusika. Sharti hilo al-Razi hakulitaja. Twaona kuwa wa kundi la pili wana hoja, lakini hatuwalaumu wa kwanza.

Na faida ya makundi mawili yaonekana khasa katika laqwa. Tabibu mmoja wa Copenhagen, Erik Peitersen, alikusanya khabari za wagonjwa wa miaka mingi na kuzitangaza mwaka 2002. Miongoni mwao walikuwamo watu 1,701 wenye laqwa ya namna hii isiyojulikana sababu yake, nao hawakupewa dawa. Asilimia 71 kati yao walipona kabisa bila ya kutibiwa, na wengi walianza kupata nafuu katika majuma matatu. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Mganga wa ramli akiwafukizia watu kumi wenye laqwa, saba watapona. Saba hao watakwenda katika misikiti ya Kibra na masoko ya Dagoretti wakimsifu, na kila mmoja ataapa kwa Mola wake kuwa aliyaona kwa macho yake, wala hasemi uwongo: alifukizwa kweli, na akapona kweli. Watatu waliobaki watakaa nyumbani wakijificha uso, na wataambiwa kuwa jini lao ni kaidi. Hivyo mganga hupata sifa ya kazi aliyoifanya Mwenyezi Mungu bila ya msaada wake, na kosa humwangukia mgonjwa. Mtu hawezi kulitambua hili kwa kuhesabu waliopona peke yake. Hulitambua akihesabu pia kundi la pili, lile lililoachwa.

Hivyo ndivyo walivyofanya matabibu wa Uskoti, nchi ile ile ya Bell. Baina ya mwaka 2004 na 2006, katika hospitali 17, waliwachukua watu 551 ambao uso wao ulikuwa haujatimiza saa 72 tangu kupooza. Wakawagawa kwa kura. Wengine walipewa prednisoloni, wengine dawa ya kuua virusi, wengine zote mbili, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake, kwa siku 10; na si mgonjwa wala tabibu aliyejua nani kapewa nini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Baada ya miezi mitatu waliopona katika waliopewa prednisoloni ni asilimia 83, na katika wasiopewa ni asilimia 63.6. Baada ya miezi tisa, 94.4 kwa 81.6. Dawa ya virusi haikuonyesha faida. Tazama basi kuwa hata wasiopewa dawa wengi walipona, na bado dawa ikaonyesha tofauti yake, na tofauti hiyo ni ya walioanza mapema. Mzee wetu wa Kawangware alikuwa na siku tatu, akazitumia kwenye ubani.

Wako watakaosema kuwa maneno haya ni ya kuacha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Imam Malik ametaja katika *Muwatta*, kwa mapokezi ya Nafi, kuwa Abdallah bin Umar, sahaba na mwana wa sahaba, alijitibu laqwa kwa kuchomwa chuma cha moto, na alipoumwa na nge akazinguliwa kwa dua. Hatumwiti mtu achomwe moto, wala hatukatazi dua. Mgonjwa aombewe, na amuombe Mola wake mwenyewe, hilo ni haki yake. Bali twaangalia kuwa Ibn Umar, aliyeshikamana na mwendo wa Mtume kuliko watu wengi, alipopinda uso hakutafuta jina la jini. Alitafuta tiba iliyojulikana katika zama zake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amewaamrisha waja wa Mungu wajitibu.

Katika wagonjwa alioandika khabari zao yumo mtu mmoja, Abdallah bin Sawada, aliyekuwa na homa za kuja na kuondoka pasi na mpango. Al-Razi alisitasita baina ya homa ya vipindi na jipu la figo. Haukupita muda, mgonjwa akatoa usaha katika mkojo, ikadhihiri kuwa ni figo. Hapo al-Razi akajiandika mwenyewe: kuwa mgonjwa hakumlalamikia uzito wa kiuno anaposimama, na kuwa yeye alighafilika kumwuliza. Mkuu wa hospitali, mwenye safu za wanafunzi chini yake, aliweka kosa lake katika daftari ili wamfuatao walione. Sisi tumewaona waganga wengi, na masheikh si haba, na hatukumbuki wa mwisho aliyesema kuwa alisahau kuuliza.

Tabia hiyo hiyo alimkabili nayo Jalinus. Kwa miaka mia saba Jalinus wa Kigiriki alikuwa katika udaktari kama vile kitabu kisichojibiwa. Al-Razi aliandika kitabu alichokiita *Shaka juu ya Jalinus*, na ndani yake akaomba radhi kwanza kwa kuwa Jalinus ni mwalimu wake na amefaidika naye kuliko yeyote. Kisha akataja mahali alipokosea, akitoa ushahidi wa wagonjwa aliowaona katika hospitali za Rayy na Baghdad. Alijibu mapema wale watakaomlaumu: kwamba Jalinus mwenyewe hakuwafuata waliomtangulia bila ya dalili. Katika darsa yetu, ambayo imetukanwa mara nyingi kwa kusema kuwa neno la sheikh hupimwa kwa dalili, maneno hayo yalisomwa mara mbili.

Na sasa yatupasa tuseme lile ambalo wengi wanaomsifu al-Razi hulificha. Ametuhumiwa katika itikadi. Abu Hatim al-Razi, mlinganizi wa Kiismaili wa mji ule ule, ameandika katika kitabu chake juu ya Utume kuwa alijadiliana naye, naye akaukanusha Utume. Al-Biruni, ingawa alizikusanya kazi zake kwa heshima, alimlaumu kwa kuvutiwa na vitabu vya Mani. Vitabu vyake alivyotuhumiwa navyo havikutufikia ila kwa kalamu za wapinzani wake, na wachunguzi wangali wakikhitilafiana juu ya alichosema khasa. Mmoja wetu alitaka jina lake lisitajwe kabisa katika karatasi hii. Hatukukubaliana naye. Hatumchukui al-Razi kuwa mwalimu wa itikadi, na kama aliyasema yale basi alikosea kosa kubwa, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Walakin wanavyuoni waliomtangulia na waliokuja baada yake walisoma tiba kwa Jalinus, ambaye hakuwa Mwislamu, na hawakuona haya. Kumficha mtu kwa kuogopa kosa lake, na kumficha kosa lake kwa kutaka sifa zake, yote mawili ni khiyana kwa msomaji.

Katika uzee macho yake yaliingia mtoto wa jicho akawa kipofu. Mwenyewe ametaja kuwa aliandika zaidi ya karatasi elfu ishirini kwa mwaka mmoja kwa khati ndogo sana, na kuwa kitabu kimoja kikubwa kilimchukua miaka 15 ya usiku na mchana, hata macho yakadhoofu na misuli ya mkono ikamharibikia, akawa hana budi kusomewa na kuandikiwa. Yapokelewa kuwa alikuja tabibu kumpasua jicho, akamwuliza jicho lina tabaka ngapi, na yule hakujua. Akamwambia kuwa asiyejua hilo asimguse. Riwaya nyingine yasema kuwa alikataa kwa sababu ameshaiona dunia hata akachoka nayo. Alifariki Rayy tarehe 5 Shaaban mwaka 313 H. (925 M.).

Madaftari yake yalibaki kwa dada yake. Ibn al-Amid, waziri wa Rukn al-Dawla, aliyanunua kwa fedha nyingi, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wakayapanga, nayo ndiyo *al-Hawi*. Mwaka 1279 Myahudi wa Sisilia, Faraj bin Salim, alikifasiri kwa Kilatini kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, na mwaka 1486 kikapigwa chapa Brescia, Italia. Kwa Kiarabu, lugha yake, kilingoja hata mwaka 1955 ndipo kilipoanza kupigwa chapa Hyderabad, India, juzuu baada ya juzuu. Laqwa imo katika juzuu la kwanza, pamoja na maradhi ya kichwa.

Mzee wetu wa Kawangware alitaka asomewe mlango huo. Akasomewa na kufasiriwa, naye kakaa amejifunika jicho lake kwa kitambaa cheupe, akiitikia kwa kichwa. Msomaji alipofika mahali pa kope lisilofungika, mzee akamsimamisha, akataka mahali hapo parudiwe tangu mwanzo.